Mpaka ni wa Nani? Majimbo ya Marekani na Wageni Wasio na Vibali

Msikilizaji, ukifungua Katiba ya Tanzania kwenye Nyongeza ya Kwanza, utaukuta uhamiaji katika orodha ya Mambo ya Muungano, jirani na uraia, polisi na mambo ya nje. Ukifungua Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, utaukuta kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa. Kaunti hazina lao. Gavana wa Mombasa akiamka asubuhi akawaamuru askari wa kaunti waanze kukagua pasi za kusafiria, wanasheria watamjibu kabla hajamaliza chai.

Marekani mambo hayakuandikwa hivyo. Katiba yao ya 1787 inalipa Bunge la nchi mamlaka ya kuweka kanuni moja ya kupata uraia, basi. Nani amzuie mgeni mlangoni na nani amfukuze akishaingia, katiba imenyamaza. Zogo linalosikika miaka hii kutoka Arizona, Alabama, Texas na Florida limeota kwenye ukimya huo.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na majimbo yenyewe. New York na Massachusetts zilitoza ada kwa kila abiria aliyeshuka melini, na Massachusetts ilifikia kuwarudisha kwa meli maskini wa Ireland waliokuwa wakiishi kwa misaada. California walioandamwa ni Wachina. Mwaka 1874 meli iliyoitwa Japan ilitia nanga San Francisco. Kamishna wa uhamiaji wa jimbo akapanda, akawatazama abiria, akaamua kwa macho yake tu kwamba wanawake 22 wa Kichina walikuwa na mwenendo mchafu. Sheria ya jimbo ilimruhusu kudai dhamana ya dola 500 za dhahabu kwa kila mmoja, isipolipwa, hawashuki. Mmoja wao akashtaki, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Majaji hawakusumbuka sana na mwenendo wa wanawake wale. Walichouliza ni swali la kidiplomasia: afisa mmoja wa jimbo akiwadhalilisha raia wa nchi ya kigeni, nchi hiyo itamwandikia nani barua ya malalamiko? Haitamwandikia California. Itaiandikia Washington. Basi mwenye kujibu barua ndiye mwenye mamlaka ya mlango. Washington ilipoushika mlango huo haikuwa na huruma zaidi, maana mwaka 1882 ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wote wa Kichina. Lakini kanuni ikabaki, na kila jimbo lililotunga sheria yake dhidi ya wageni tangu hapo limekuwa likigongana nayo.

Aliyegongana nayo kwa kishindo ni Arizona.

Tarehe 23 Aprili 2010, Gavana Jan Brewer alitia saini muswada namba 1070 wa Seneti ya jimbo. Uliasisiwa na seneta Russell Pearce wa mji wa Mesa, aliyewahi kuwa naibu sherifu, kwa msaada wa mwanasheria wa Kansas, Kris Kobach, ambaye mkono wake utaonekana tena katika sheria za majimbo mengine. Falsafa yao haikufichwa: huwezi kuwakamata mamilioni ya watu, lakini unaweza kuwabana maisha mpaka wafunge virago wenyewe. Mitt Romney alipogombea urais mwaka 2012 aliisema hadharani kwamba watu watajihamisha wenyewe, na ikamgharimu kwa wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kusini.

Fikiria barabara ya Phoenix saa mbili usiku. Taa moja ya nyuma ya gari haiwaki. Polisi anawasha king'ora, dereva anaegesha. Kwa sheria ile, polisi akiwa na shaka ya msingi kwamba dereva yuko nchini bila kibali, analazimika kuwauliza maofisa wa serikali kuu kuhusu hadhi yake. Mwenye leseni ya udereva ya Arizona anahesabiwa kuwa halali, maana jimbo haliitoi bila ushahidi wa ukaazi halali. Lakini mwenye leseni ya New Mexico, jimbo la jirani ambalo wakati huo liliwapa leseni hata wasio na vibali, leseni yake haikutosha. Sasa ile shaka ya msingi inatoka wapi? Sheria ilikataza kutumia rangi na kabila kinyume cha katiba, lakini haikusema polisi atazame nini badala yake. Viatu? Lafudhi? Hapo ndipo wapinzani walipoibatiza jina la sheria ya "onyesha makaratasi yako". Timu ya mpira wa kikapu ya Phoenix Suns iliingia uwanjani tarehe 5 Mei mwaka huo imevaa fulana zenye jina lake nusu la Kihispania, jambo lisilo la kawaida kwa wanamichezo ambao kwa desturi hukwepa siasa.

Haifai kuwafanya watu wa Arizona wote kuwa wabaguzi. Malalamiko yao yalikuwa na mizizi. Kati ya 1993 na 1994 serikali kuu iliimarisha ulinzi wa mpaka El Paso na San Diego, mijini, mahali panapoonekana na kamera. Wanaovuka hawakuacha kuvuka; walihamia jangwa la Sonora, na Arizona ikageuka njia kuu. Wafugaji wakawa wanakuta nyaya zimekatwa, mabomba ya maji yametobolewa, na wakati mwingine maiti za watu waliokufa kwa kiu. Mwezi Machi 2010 mfugaji mmoja mwenye heshima aliuawa kwa risasi kwenye ardhi yake karibu na mpaka. Muuaji hakupatikana, lakini watu walishajijibu wenyewe, na muswada uliokuwa ukisuasua ukapata miguu. Kura za maoni nchini kote zilionyesha walio wengi wanaiunga mkono sheria.

Kuna pia suala la fedha. Mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Tyler, Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mtoto asiye na kibali hanyimwi shule ya umma; wilaya ile ilikuwa imeanza kuwadai wazazi dola 1,000 kwa mwaka. Familia zilizoshtaki zilifika mahakamani alfajiri, magari yakiwa yameshapakiwa vyombo vya nyumbani, kwa kuwa hazikujua kama zingetoka hapo kurudi nyumbani au kupelekwa Mexico. Sheria nyingine ya nchi, ya 1986, inazilazimisha hospitali kumhudumia mgonjwa wa dharura bila kumuuliza alikotoka. Kwa hiyo mwalimu na daktari wa dharura wanalipiwa kwa sehemu kubwa na jimbo na wilaya, wakati kodi ya mapato na makato ya hifadhi ya jamii ya mfanyakazi yuleyule yanakwenda Washington. Gavana akilia hapo, analia kilio cha kweli. Na Bunge la nchi halijapitisha mageuzi makubwa ya kuwahalalisha watu tangu 1986, enzi ya Ronald Reagan, walipohalalishwa takriban milioni 2.7.

Ila kilio cha kweli hakihitaji chumvi. Brewer alidai kwamba miili isiyo na vichwa ilikuwa ikiokotwa jangwani. Madaktari wanaochunguza maiti wakasema hawajaona hata mmoja, naye baadaye akakiri alikosea.

Mwezi Juni 2012 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu, kwa kalamu ya Jaji Anthony Kennedy. Vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa vikaanguka: cha kumfanya mtu mhalifu wa jimbo kwa kutobeba karatasi za usajili, cha kumfanya mhalifu kwa kutafuta kazi, na cha kumkamata bila hati. Kennedy alikumbusha jambo ambalo wengi hawalijui: kuwepo Marekani bila kibali, kwa kawaida, si kosa la jinai peke yake, ni suala la madai ya kiserikali linaloishia kwenye kuondolewa nchini. Kifungu cha polisi kuuliza makaratasi kilinusurika kwa wakati ule. Jaji Antonin Scalia alipinga kwa ukali, akihoji kama majimbo yangekubali kamwe kuingia katika muungano ambao unayanyang'anya haki ya kuwazuia wageni. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na itarudi.

Pearce mwenyewe hakuusubiri uamuzi huo akiwa madarakani. Novemba 2011 wapiga kura wa Mesa walimwondoa katikati ya muhula, wakamweka mtu mwingine wa chama chake hichohicho cha Republican. Na sherifu maarufu wa kaunti ya Maricopa, Joe Arpaio, aliyewalaza mahabusu kwenye mahema na kuwavisha chupi za rangi ya waridi, alipatikana na hatia mwaka 2017 kwa kukaidi amri ya jaji iliyomkataza kuwasimamisha watu kwa sura zao. Rais Donald Trump akamsamehe kabla hajapewa adhabu. Msamaha huo haukuwahusu walipa kodi wa kaunti, ambao kesi hiyo imewagharimu zaidi ya dola milioni 100.

Alabama ilitaka kuwapita Arizona. Sheria yake ya Juni 2011, nayo ikiwa na mkono wa Kobach, iliingia mpaka jikoni. Mkataba na mtu asiye na kibali haukutambuliwa mahakamani. Yeye kufanya shughuli na ofisi za serikali ilikuwa jinai. Shule zilitakiwa ziulize hadhi ya kila mtoto anayeandikishwa. Ofisi moja ya maji ya mji mdogo ikabandika tangazo kwamba asiye na leseni ya udereva ya Alabama anaweza kukatiwa maji. Jaji aliporuhusu sehemu kubwa ya sheria ianze kutumika mwishoni mwa Septemba, Jumatatu iliyofuata zaidi ya wanafunzi 2,000 wenye asili ya Kihispania hawakufika shuleni. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Marekani na ni raia kamili; wasio na vibali ni wazazi wao.

Halafu likatokea la Mercedes. Novemba 2011, mjini Tuscaloosa, polisi walisimamisha gari la kukodi lisilo na namba. Ndani yake alikuwamo meneja wa Kijerumani wa kampuni ya Mercedes-Benz, yenye kiwanda kikubwa jirani na hapo, kiwanda ambacho Alabama ilikihonga kwa misamaha ya kodi ili kije. Alikuwa na kitambulisho cha kwao tu mfukoni. Akapelekwa kituoni, mpaka mwenzake alipoleta pasi, viza na leseni. Siku chache baadaye, mfanyakazi wa Kijapani wa Honda naye akapewa karatasi ya kosa. Gazeti moja la Missouri likaialika Mercedes ihamie kwao. Gavana Robert Bentley, aliyeitia saini sheria hiyo kwa fahari, akaanza kuzungumzia marekebisho. Ilipofika 2013 jimbo lilikubali nje ya mahakama kuviacha vifungu kadhaa na kuwalipa mawakili wa upande wa pili dola 350,000.

Mashambani hapakuhitaji jaji. Wachuma nyanya wa Chandler Mountain walitoweka msimu ukiwa haujaisha. Jirani zao Georgia, walikopitisha sheria inayofanana na hiyo mwaka uleule, serikali ya jimbo ilifanya uchunguzi ikakuta nafasi zaidi ya 11,000 za kazi za shamba ziko wazi. Gavana Nathan Deal akapendekeza zijazwe na watu wanaotumikia vifungo vya nje. Wengine walifika, wakainama juani kuchuma matango, na kabla ya mchana kuiva wakaondoka zao.

Hapa ndipo sheria hizi zinapojifunua. Zina macho makali kwa anayeendesha gari, na usingizi mzito kwa anayeajiri. Njia ambayo mahakama imeyaachia majimbo wazi kabisa ni ya mwajiri: mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria nyingine ya Arizona, ya 2007, inayoruhusu kumnyang'anya leseni ya biashara anayeajiri wasio na vibali. Silaha ipo, imepigwa muhuri na majaji, lakini kampuni zilizowahi kuadhibiwa ni chache mno. Florida, chini ya Gavana Ron DeSantis, ilitunga sheria ngumu mwaka 2023 ikilazimisha ukaguzi wa wafanyakazi kwa kompyuta, ila kwa mwajiri mwenye watu 25 au zaidi. Fundi wa kuezeka mwenye vibarua 20 akaachwa apumue. Hakuna mwanasiasa anayepata kura kwa kumfunga pingu mkulima wa machungwa.

California ilishaona siasa hii inakopeleka. Mwaka 1994, karibu asilimia 59 ya wapiga kura walipitisha pendekezo namba 187 la kuwanyima wasio na vibali shule na matibabu, na Gavana Pete Wilson akarudi madarakani kwa mgongo wake. Mahakama ikalizuia, halikutekelezwa. Lakini watoto wa wahamiaji walikua, wakajiandikisha kupiga kura, na chama cha Wilson, Republican, hakijapata ushindi wa urais katika jimbo hilo tangu wakati huo. Leo California ndiyo inayokataza polisi wake kuwafanyia kazi maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu.

Na ngao inayoitumia ina historia ya kuchekesha. Mwaka 1997 masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, waligomea sheria ya nchi iliyowataka wawachunguze wanunuzi wa bastola. Mahakama ya Juu ikawapa ushindi: Washington haiwezi kuwageuza maofisa wa majimbo kuwa watumishi wake. Aliyeandika hukumu hiyo ni Scalia, na walioshangilia ni wapenda bunduki. Sasa wanaojificha nyuma yake ni mameya na magavana wa chama cha Democrat. Mwezi Julai 2025, jaji wa Chicago aliitumia kanuni hiyo kuitupa kesi ya serikali ya Trump dhidi ya Illinois. Haki za majimbo, kumbe, ni za kila mtu ilimradi aliyeko Washington si wa chama chake.

Texas imekwenda mbali kuliko wote, na ni jimbo la ajabu, kwa sababu mwaka 2001 lilikuwa la kwanza nchini kuwaruhusu wanafunzi wasio na vibali kulipa ada ya chuo sawa na wenyeji. Gavana aliyesaini ni Rick Perry wa Republican. Juni 2025, Wizara ya Sheria ya nchi iliishtaki Texas kwa sheria hiyo, na jimbo likakubali kushindwa siku hiyohiyo, kesi ikaisha kabla hata ya kubishaniwa.

Kati ya hapo na pale alikuja Gavana Greg Abbott. Kuanzia Aprili 2022 aliwapakia wahamiaji kwenye mabasi kwenda Washington, New York na Chicago, zaidi ya watu 100,000 kwa jumla. Lilikuwa tendo la kejeli, lakini lilifaulu: mameya waliokuwa wakiwalaumu watu wa mpakani kwa ukatili walianza kulalamika kwamba hoteli zao zimejaa na bajeti imekwisha. Januari 2024 wanajeshi wa jimbo waliuteka uwanja wa bustani ya umma ya Eagle Pass, ukingoni mwa mto Rio Grande, wakawazuia walinzi wa mpaka wa serikali kuu wasiingie. Serikali mbili za nchi moja zikatazamana kupitia seng'enge.

Sheria aliyoisaini Abbott mwezi Desemba 2023 inafanya kuvuka mpaka bila ruhusa kuwa kosa la jimbo, na inampa jaji wa jimbo uwezo wa kuamuru mtu arudi Mexico. Hoja ya Texas ni kwamba Katiba inaliruhusu jimbo kujilinda likivamiwa. Jaji David Ezra, aliyeteuliwa na Reagan, hakuona kuwa watu wanaotafuta kazi ni jeshi, akaizuia. Tarehe 19 Machi 2024 Mahakama ya Juu iliiachia ianze, na usiku huohuo mahakama ya rufaa ikaizuia tena. Katika saa hizo chache Mexico ilitangaza kwamba haitampokea mtu yeyote anayerudishwa na Texas. Yenyewe inazungumza na Washington. Majaji wa kesi ya wanawake 22 wangetabasamu. Trump aliporudi madarakani, wizara yake ikajitoa kwenye kesi mwezi Machi 2025, na mashirika ya kiraia yakabaki yakisukumana na Texas.

Yanawagusa vipi Waswahili walioko huko? Wengi wa Watanzania na Wakenya waliingia kwa ndege na viza mkononi, si kwa kuogelea mto. Sheria ya Texas inamlenga aliyevuka kinyemela kutoka nchi jirani. Aliyezidisha muda wa viza haimhusu, ingawa maofisa wa Washington anawahusu. Sheria ya barabarani ya Arizona, kwa upande mwingine, haiulizi uliingiaje. Na Oklahoma ina yake: tangu 2009, kila anayetuma fedha dukani hukatwa dola 5 kwa kiasi kisichozidi dola 500, na asilimia 1 kwa kinachozidi, awe raia au mgeni. Anaweza kuidai kwenye marejesho ya kodi, lakini anayeogopa ofisi za serikali hatakwenda kuidai. Mama wa Moshi anayetumiwa dola 200 kutoka Tulsa hajui kwamba amekwisha kuchangia hazina ya jimbo asiloweza kulionyesha kwenye ramani. Washington nayo ikaiga: kodi ya asilimia 1 kwa fedha taslimu zinazotumwa nje ilipitishwa mwaka 2025, kuanza kutozwa 2026.

Kwa hiyo mwenye ndugu Marekani amwambie mambo mawili akimpigia simu. Mkaazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anatakiwa na sheria ya nchi atembee na kadi yake, wala si kuifungia sandukuni. Na akihama kutoka jimbo moja kwenda jingine, amuulize wakili anayejua sheria za jimbo hilo kabla ya kushika usukani, asimuulize dalali wa makaratasi anayemjua kanisani au kwenye kundi la WhatsApp. Kinachoruhusiwa New Mexico leo kinaweza kumlaza mtu ndani Arizona usiku uleule.